Mvuta Koti

Noeli ile nilipewa kazi isiyo na jina. Nilisimama nyuma ya watu mashuhuri na kuwavuta koti.

Lazima nieleze, maana hata dada yangu nilipomsimulia kwa simu alidhani ninamtania. Kwaya yetu ya parokia, hapa Kamalondo, haina mtu wa kusimama mbele na kupunga mikono. Tulikuwa naye, akahamia Kolwezi, na tangu hapo tumezoea kuimba bila yeye. Siku ya Noeli habari ya kuzaliwa kwa Yesu inasomwa vipande vipande, na baada ya kila kipande kuna wimbo. Sisi tunaingia kwa kufuata sauti ya msomaji. Akianza kuishusha mwishoni mwa kipande, tunavuta pumzi. Akinyamaza, tunaimba. Na msomaji huyo, kwa miaka zaidi ya thelathini, alikuwa mume wangu.

Kazi yake ilikuwa kutangaza treni stesheni. Baba yake pia alikuwa mtu wa reli. Mume wangu alitangaza kwa sauti ile ile nzito hata treni zilizofika siku mbili baadaye, na nilizoea kumwambia kwamba yeye ndiye mwongo anayeaminiwa kuliko wote mjini. Kila mwezi wa kumi na mbili alifanya mazoezi ya kusoma jikoni mwangu, akisimama kati ya mbabula, jiko letu la makaa, na mlango, huku mimi nikisonga bukari, ugali wetu. Kwa hiyo maneno yote ninayajua kwa moyo. Sikujifunza, yaliniingia tu pamoja na moshi wa makaa.

Sasa kuna parke moja ya michezo, nje kidogo ya mji, yenye magari ya umeme ya kugongana na farasi wa plastiki wanaozunguka pale tu jenereta inapokuwa na mafuta. Msimamizi wake, kijana mwenye viatu vyembamba, alikuja parokiani kutuomba tuimbe tamasha la Noeli alasiri tatu mfululizo, kabla ya sikukuu yenyewe. Kwaya aliitaka yote. Msomaji, hapana. Msomaji angekuwa vedeti, mtu maarufu, kila siku mwingine. Alitueleza bila aibu kwamba watu hawatoki nyumbani kwenye mvua kwa ajili ya malaika Gabrieli, wanatoka kwa ajili ya sura wanayoiona kwenye simu.

Mimi ndiye niliyejitia kimbelembele. Nikauliza: vedeti watajuaje pa kunyamaza ili sisi tuingie? Msimamizi akauliza ni nani anayeyajua maneno vizuri. Watu arobaini wakanigeukia kama kuku waliosikia mahindi. Ikaamuliwa vedeti wasome kwenye simu zao, nami nisimame nyuma ya msomaji na klaseri nyeusi, faili la masomo, mkononi, nimnong'oneze akipotea, na kipande kikiisha nimvute koti. Mume wangu aliiona ni njia nzuri, na mwenyewe ndiye aliyeweka sheria: msomaji akivutwa koti hana ruhusa ya kuuliza, ananyamaza hapo hapo.

Alisema hivyo akitabasamu, lakini nilimjua. Mwezi wa tisa daktari wa macho alikuwa ametueleza kwamba kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki nacho kinaondoka. Mume wangu alidai bado anaona vizuri, ila pembeni tu ndiko kunafunga. Hakuomba huruma ya mtu. Alichotaka ni kusoma mara moja, kwa mikro nzuri ya kupaza sauti, mbele ya watu wengi, wakati bado ana macho ya kufuata mstari. Nilimvuta msimamizi kando ya ukuta nikamwambia yote. Alikuna kichwa, akasema siku ya tatu ni ya golikipa, na wachezaji hawana saa. Golikipa akichelewa, mzee atapanda.

Siku ya kwanza tu mume wangu alipiga pasi suti yake ya kijivu. Nikamwambia zamu yake bado, kama itakuwepo. Akaivaa hivyo hivyo.

Msomaji wa kwanza alikuwa mchekeshaji. Mtu mpole, kusema kweli, alinisalimia kwa mikono miwili. Lakini uso wake hauwezi kutulia. Malaika alipomtokea Mariamu, yeye akatoa macho tu, watu wakaangua kicheko. Kicheko kikamnogea, akarudia. Nikavuta koti. Akadhani limenasa kwenye msumari, akalinasua kwa adabu na kuendelea. Tuliingia kwa makundi matatu, kila kundi na wimbo wake. Nilirudi nyumbani na tope mpaka magotini, nikalala bila kula.

Siku ya pili alikuja mwanamuziki. Na kwetu mwanamuziki hawezi kushika mikro kwa dakika mbili bila kutupa libanga, yaani jina la mtu, la tajiri au rafiki au fundi wake wa nguo, linalorushwa katikati ya wimbo mpaka mwenye jina ainuke kitini. Mwenye parke alikuwa ameketi safu ya mbele na familia yake. Ni mfanyabiashara aliyetoka Kivu, mtu wa maduka ya jumla na malori, na tena ana hoteli katikati ya mji. Vedeti wetu alikuwa amemwona.

Alianza vizuri. Yosefu na mkewe wakafika Betlehemu wamechoka, kipande kikaelekea pale ambapo nyumba ya wageni imejaa. Hapo ndipo kwaya inapovuta pumzi. Nikaona shingo yake inakakamaa. Angesemaje, mbele ya mtu mwenye hoteli, kwamba mama mjamzito amekosa chumba? Akatupa jina la mwenye parke, lote, na la mkewe. Kisha akatangaza kwamba Yosefu angepita kwa mheshimiwa huyo, wangepata chumba chenye bafu ndani na chai ya asubuhi. Watu wakasimama kushangilia. Mwenye parke naye akasimama, akainua mkono kama askofu. Sisi tulibaki na midomo wazi, kwa sababu maneno ya kutuingiza hayakusemwa. Nilimvuta koti mara mbili. Akageuka, akanitupia libanga na mimi: mama wa klaseri.

Ndani ya basi mume wangu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Alisema, "Leo Yezu alizaliwa ku hoteli." Wenzangu wote walicheka. Mimi sikucheka. Miguu ilikuwa imevimba, sauti imekwama, na nilikuwa nimechoshwa na furaha ya watu. Nilitaka Noeli ipite kama anavyopita mwenye deni mlangoni pa anayemdai, haraka na bila maneno.

Siku ya tatu mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha jua kali. Pamba waliyoitandaza kuwa theluji juu ya pango la Yesu ilikuwa imelowa na kushuka kwenye migongo ya kondoo wa udongo. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, ni golikipa waliyemfuata. Saa ya kuanza ikafika, ikapita. Msimamizi alikuwa na simu kila sikio. Ikajulikana kwamba gari la golikipa limekwama nyuma ya foleni ya malori ya mgodi, na haijulikani litatoka lini. Msimamizi akamjia mume wangu pale alipoketi na kumwambia, "Papa, panda."

Mimi nilishika klaseri yangu. Yeye akapapasa kitini kando yake, akachukua nyingine, nyeusi pia, akanishika bega kupanda ngazi. Nilidhani ni kwa sababu ya tope.

Sitasahau alivyosoma. Hakukazana, hakupamba. Alisema habari ile kama anavyotangaza treni ambayo safari hii itafika kweli. Watoto waliokuwa kwenye foleni ya magari ya kugongana wakanyamaza. Alishusha sauti, tukavuta pumzi, akanyamaza, tukaingia, wote arobaini, kwa wakati mmoja. Alipogeuza ukurasa nilimtazama kisogo chake chenye mvi, kola iliyopigwa pasi siku tatu, nikampenda kama siku alipokuja kwetu kujitambulisha. Kipande cha nyumba ya wageni alikisoma bila kumwonea haya mwenye parke, na mwenye parke mwenyewe alivua kofia. Sikumnong'oneza neno hata moja.

Alikuwa katika kipande cha wachungaji geti lilipofunguliwa na golikipa akaingia. Mtu mrefu kupita kiasi, jezi ya rangi ya chungwa inayoonekana toka barabarani. Watu walipanda juu ya viti. Walipiga kelele, simu zote hewani. Golikipa akaja moja kwa moja mpaka miguuni pa jukwaa, akasimama pale, mbele ya mume wangu kabisa, akisubiri.

Mume wangu hakutazama. Alitabasamu, akainua sauti juu ya kelele, akaendelea.

Msimamizi alinifanyia ishara ya kukata shingo. Akaifanya tena. Mimi nikasema moyoni: kichwa ngumu huyu, amemwona na anajifanya hakumwona. Hasira ikanipanda. Sitaki kujisafisha kwa maandishi. Hakuna aliyenilazimisha, mkono ulikuwa wangu. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka mambo yaishe nikavue viatu.

Nikavuta koti.

Alikuwa amefika pale malaika anapowaambia wachungaji wasiogope. Kilikuwa bado kipande kirefu mbele, habari yenyewe ya furaha alikuwa hajaisema. Lakini sheria ilikuwa yake, na aliitii. Alinyamaza hapo hapo, kinywa kikiwa bado wazi kidogo. Kwaya iliposikia kimya ikaingia, ovyo, wengine wakitazamana. Yeye akageukia zile kelele, akainamisha kichwa mara moja, akainua mkono kidogo kuwashukuru watu.

Nilimshusha. Golikipa, mtoto mwenye adabu, akanyoosha mkono kwangu kuomba maandishi, nami nikampa klaseri niliyokuwa nimeibana kwapani. Ilipotoka mkononi mwangu ndipo nilipoelewa. Klaseri ya masomo ilikuwa moja tu. Nikatazama ile aliyoshika mume wangu. Ilikuwa ya nyimbo, yenye noti zetu za alto na doa la mafuta juu yake. Alikuwa ameigeuza kurasa mbele ya watu wote, polepole, kila mahali panapostahili.

Sikujua tangu lini. Labda tangu Pasaka, labda mwaka mzima. Jikoni nilikuwa nikimsikiliza kwa kumpa mgongo.

Golikipa alipoanza kusoma, akijikwaa kila mstari, mume wangu alinisogelea sikioni. Alisema, "Ah, ule wa goli anafika sasa. Muzuri. Bamuachie naye asome." Nikamshika mkono.

Jioni tulikula mapema, bukari ya unga uliotumwa na shemeji yangu toka Lukafu, na samaki wadogo wa kukaanga. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa nini nilimvuta. Nilikuwa nimepanga hata neno la kuanzia. Yeye akanitangulia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba kabla ya kula.

"Mama, pale ku bachungaji, bantu bote balisimama na makelele. Ulisikia?"

"Nalisikia, papa."

"Kwa miaka yote ile ku parokia, habakuniitikia vile hata siku moja."

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu. Niliangalia uso wake, nikaona kwamba kitu alichokitaka kabla macho hayajafunga amekipata, na kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeweza kumnyang'anya. Nikasema kweli, walimwitikia sana.

Alitafuna kidogo. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Kitu kimoja tu, mama. Ulinivuta mbele ya saa, kipande kilikuwa bado."

"Ndiyo, papa. Nalikuvuta mbele ya saa."

"Siku ya Noeli ku parokia, usinivute."

Nikamwahidi. Akaniomba chumvi. Ilikuwa mezani, mbele yake. Nikaisukuma polepole mpaka ikagusa vidole vyake.