Golikipa Aliyeandikwa Mkata Mkonge

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kazi, Korogwe. Mbele yangu alisimama bwana mmoja mrefu wa Handeni, golikipa wa timu ya shamba la mkonge. Akaweka barua mezani kwa mzee afisa wa kazi, kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Nimefukuzwa kazi."

"Marahaba. Kwa kosa gani?"

"Jumapili nilifungwa magoli matano."

Mzee akavaa miwani. "Mbona barua inasema hujakata mkonge hata siku moja?"

"Ni kweli. Mimi kazi yangu kudaka. Meneja mwenyewe alinifuata Handeni kwa ajili hiyo."

"Na kadi yako ya kazi inasema mkata mkonge!"

"Timu nzima ndivyo tulivyo, mzee. Sentafowadi ameandikwa dereva, na hata baiskeli hajui."

Mzee akavua miwani, akaivaa tena. Akasoma barua, akasoma kadi, kisha akaomba kuona viganja. Foleni nzima tukainama kutazama. Vilikuwa laini kama vya bwana harusi.

"Hukupewa onyo hata moja, ndugu. Hawawezi kukufukuza hivi. Umeshinda." Akagonga muhuri. "Kesho alfajiri urudi kazini."

"Golini?"

"Golini wapi? Shambani! Kisheria wewe ni mkata mkonge."

Tukapiga makofi. Mwenyewe akabaki anatazama viganja vyake, nami nikashindwa kujua nimpe hongera au pole. Zamu yangu ilipofika, kabla sijaeleza shida yangu, nilitoa kadi yangu mfukoni nisome kwanza mimi nimeandikwa nani.