Utepe wa Daraja la Kabuga

Juzi pale Remera niliona kituo kipya cha mabasi kimezungushiwa utepe. Viti vilikuwa vitupu kivulini, na abiria wamesimama juani wakimsubiri mgeni rasmi. Nilicheka kwa dharau, nikakumbuka daraja letu la Kabuga nilipokuwa mtoto.

Lilikuwa limekamilika, linanuka lami mbichi. Mgambo alituzuia: hakuna kupita kabla mgeni hajakata utepe. Mimi niliamini daraja hupata nguvu utepe ukikatwa, na kwamba anayetangulia huanguka nalo.

Shangazi yangu, fundi cherehani, alikuwa anampelekea bibi harusi gauni lake ng'ambo ya mto.

"Yewe, mwanangu," alimwambia mgambo, "huyo mgeni ndiye aliyebeba mawe?"

Akavua viatu, akajitwika gauni, akashuka kwenye tope. Mimi nilibaki kungoja muujiza.

Shangazi alikwenda akarudi, tope likamkauka miguuni, ndipo mgeni akafika na harufu ya marashi. Mkasi ulilia, tukapiga makofi. Kisha akapanda gari, likageuzwa, akarudi alikotoka.

"Shangazi, mbona hakuvuka?"

"Avuke aende kwa nani?"