Nilitoboa ekzosi ya pikipiki yangu ya zamani, mke akagoma kupanda: jinsi nilivyoinusuru

Wakuu, heshima zenu. Ninachosimulia hapa ni kweli tupu. Mke wangu naye ni member humu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Naishi Bukoba mjini, ni mwalimu, ujana ulishaniaga, na nina pikipiki ya Kijapani iliyozaliwa kabla ya wengi mnaobishana humu. Injini nzima. Tatizo ni sauti: nyembamba, ya kukohoakohoa, kama mtu anayeomba msamaha.

Nikataka sauti nzito. Msiniulize kwa nini. Wenzangu wa rika hili wananunua suruali za kubana, mimi nilitaka mngurumo.

Mhaya mwenye digrii haulizi fundi, anasoma. Nikasoma, nikaangalia video, nikachukua drili, nikatoboa ekzosi na kung'oa vyuma vyote vya ndani vinavyopunguza kelele.

Matokeo: mashine ya kusaga mahindi.

Jumapili tukachelewa misa. Nilipokaribia kanisa, padri alikatisha mahubiri akasubiri nizime. Watu wote wakageuka. Adventina, mke wangu, alikuwa nyuma yangu na gauni jipya. Alishuka, na ndiyo ikawa mwisho wa kupanda.

"Baba Koku," akaniambia nyumbani, "kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka kule Nshamba mimi naenda na basi. Wewe nenda na kelele zako, na ukifika umuuzie Projestus hicho chuma."

Projestus ndiye huyo kaka, shemeji yangu. Anaitaka ya kubebea ndizi. Kila tukikutana hulipapasa tangi kama anayechagua ng'ombe.

Nikajitetea mpaka tukakubaliana. Ikitulia kabla ya kipaimara, inabaki, na yeye anapanda. Isipotulia, inauzwa.

Ekzosi orijino ya umri ule haipatikani. Ikabidi sasa elimu ifanye kazi. Nikasoma tena, safari hii hadi mwisho: sauti haizibwi, inatafutiwa chumba cha kupotelea. Nikapata mtungi mtupu wa kuzimia moto, nikaupeleka kwa Sospeter, fundi wa kuchomelea.

"Mwalimu, nikufungie mtungi wa zimamoto kwenye pikipiki?"

"Ndiyo."

"Waitu, na ngazi je? Nikufungie kabisa?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaapa kwamba itakosa nguvu, mlima wowote utanishinda. Nikamwambia achomelee tu.

Ndani ya mtungi tuliweka bomba lenye matundu, nikalizungushia stili waya, hizi za kusugulia masufuria. Gasketi mpya. Kabureta nikairekebisha upya, maana ilikuwa inapiga chafya. Tukawasha.

Wakuu, sauti ilitoka chini, nzito, ya taratibu, kama ya mtu anayeongea akiwa kwenye kibanja chake mwenyewe cha migomba. Sospeter aliinama, akasikiliza, akasema, "Mwalimu, bado mlima."

Siku ya safari niliiwasha nje ya geti. Adventina alisimama na pochi yake ya kupandia basi, akasikiliza. Akaingia ndani. Akatoka na helmeti.

Hadi Kemondo alishikilia gauni tu lisipeperuke. Ulipoanza mwinuko wa kuelekea Muleba nikashusha gia nikingoja izimike. Ikapanda. Ikapanda na mwinuko uliofuata.

Hapo ndipo alipoanza. "Punguza. Ng'ombe hao. Mbona unafuata mashimo?" Tangu nitoboe ekzosi nilikuwa sijaelekezwa barabara, na sikujua kama nimemiss kuelekezwa.

Nshamba tukamkuta Projestus ameshatoa majembe stoo ili pikipiki ipate pa kulala.

"Shemeji, imewafia njiani? Sijaisikia."

"Ipo hapo kwenye migomba."

Akaenda, akaiwasha, akavuta mafuta. Wazee waliokuwa wanakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakasogea. Alipozima, alichomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Sasa hii ndiyo pikipiki. Shemeji, taja bei."

Kabla sijafungua mdomo, Adventina alikuwa ameshamnyooshea kiganja.

"Kaka, lete ufunguo. Haiuzwi. Na ukiiwasha tena bila ruhusa yangu tutakosana."

Pilau siku ile niliila kifua mbele, wakuu.

Funzo: usitoboe ekzosi kwa hasira za umri. Na ukishairekebisha, mwenye kuipitisha si fundi wala wewe, ni anayekaa nyuma.

Wenye pikipiki za zamani, zenu mmezitulizaje? Wa kunicheka kuhusu mtungi nanyi karibuni, Sospeter ameshawatangulia.