Kikombe cha Maziwa ya Bangi

Nilipokuwa na miaka tisa, tukiishi Saint-Gilles, huko Ubelgiji, ghorofa ya tatu, nilimwaga dawa ya mama yangu kwenye sinki. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, tena nikijiona shujaa.

Mama alikuwa na ugonjwa wa neva. Miguu ilimkakamaa ghafla mpaka ashike meza, lakini hiyo aliivumilia. Kilichomliza ni shavu la kushoto. Upepo wa dirishani, mswaki, kijiko cha uji, chochote kikimgusa hapo alishtuka kama aliyepigwa na umeme. Vidonge vya hospitali vilimlaza tu mchana kutwa. Alikunywa uji kwa mrija, akakonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Niliogopa kwenda shule, nisije nikarudi nikakuta hayupo.

Ghorofa ya chini aliishi madame mmoja Mbelgiji mwenye ugonjwa uleule, yeye akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Siku moja alimwambia Mama siri yake: alichemsha bangi ndani ya maziwa, akinywa kikombe kidogo misuli inalegea. Sheria ilikataza, lakini daktari wake alijua na akanyamaza. Mama akapanda ngazi polepole na chupa ya jamu iliyojaa maziwa ya kijanikijani.

Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, tuliyetoka naye Bukavu, aliinusa mara moja.

"Ile ni bangi," akasema. "Haiingiake mu nyumba yenye iko mutoto. Muntu anakunywa, anaanza kucheka bure bure, kisha akili inaenda. Na hairudie."

"Alors, maman, nikufe na njala?" Mama akajibu, mkono shavuni.

Kwetu hilo halikuwa jambo la kubishania. Kila mtaa wa Bukavu ulikuwa na kichaa wake, na kila kichaa, ukimuuliza Koko, alianza na bangi, akafuata kicheko. Aliwajua hata kwa majina. Nami niliyameza yote kama yalivyo.

Mchana huo Koko alipokwenda kanisani, Mama alikunywa kikombe. Baada ya muda akaingia jikoni, akachukua sambaza, vile visamaki vikavu vya ziwa letu tulivyonunua kwenye maduka ya Waafrika ya barabara ya Chaussée de Wavre, akatia kimoja mdomoni. Akatafuna upande wa kushoto. Akachukua kingine. Kisha akaanza kucheka peke yake, mdomo umejaa, machozi yanamtiririka.

Nilikuwa mlangoni, na nilijua nimeshampoteza. Alipokwenda kujilaza nikamwaga chupa nzima, nikafungulia maji, nikaiosha kwa sabuni.

Kesho yake asubuhi maumivu yalirudi mabaya kuliko mwanzo. Mama alikaa kitandani amekumbatia mto, mwili wote unatetemeka, akaomba ile chupa. Nikasema kweli mbele yao wote wawili.

"Maman alikuwa anacheka bure!" nikalia.

Mama alijibu kwa shida, midomo haifunguki vizuri. "Haikukuwa bure, mutoto wangu. Nilikuwa natafuna."

Koko aliinuka. Alifunga kitenge chake, akachukua chupa tupu, akashuka ngazi, yeye ambaye Kifaransa chake kiliishia bonjour na merci. Alirudi nayo imejaa, akamimina kikombeni.

Sisi watu wa Kivu, mkoa wetu wa Bukavu, tunaogopa sana sumu, kwa hiyo anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Koko alipiga funda kubwa, akapiga la pili, kisha akasema kwa sauti, si kwetu, sijui kwa nani:

"Kama iko wazimu ndani, ianzie kwa miye na iishie kwa miye. Mutoto yangu na mujukuu wangu, apana."

Ndipo akampa Mama.

Maziwa yale hayakumponya. Siku nyingine yalilegeza miguu tu, shavu likagoma. Lakini siku nyingi Mama alikula chakula cha mezani pamoja nasi, na mimi nikaacha kuogopa kwenda shule.

Kwa miaka mingi niliwasimulia rafiki zangu kisa hiki kwa kuchekesha: bibi mshamba aliyeshinda ushirikina wake akakubali dawa. Sasa najionea haya. Koko hakushinda kitu. Aliamini mpaka siku ya mwisho kwamba bangi inachukua akili ya mtu, na kila mchana, akiamini hivyo, alipiga funda la kwanza.