Muuguzi aliyeamini uso wangu

Gisenyi, 1998. Miaka thelathini na minane ugenini Tabora, halafu leo nimemdanganya muuguzi ili nirudi hukohuko.

Nilitaka aniruhusu kusafiri Jumatatu.

Alibonyeza vidole vyangu vilivyovimba, kiungo kimoja kimoja, akiuliza kama kinauma.
Kila mara nilisema hapana.
Hakuangalia vidole. Aliniangalia usoni.

"Muzee, mudomo inasema hapana, uso inasema ndiyo. Niandike gani?"

"Andika ya uso," akadakia dada yangu.

Akaandika viungo tisa. Nianze dawa, na damu ipimwe hapa kila mwezi.

Miaka yote hiyo nililia nirudi Gisenyi. Mbona leo nilipigania kuondoka?
Anayeelewa anieleze.

Tabora sitarudi.