Hilux ya Sabini na Saba na Kiti cha Mama Mkwe

Siku ya harusi yangu nilifika kanisani nikiwa nyuma ya pickup. Suti ya bluu, ua kifuani, sufuria ya pilau kila upande, na mikono yote miwili imeshika chuma.

Pickup yenyewe ilikuwa yangu.

Na aliyekuwa anaendesha hakuwa mtu ambaye mimi, au yeyote katika ukoo wetu, alijua kwamba anaweza kuwasha gari.

Wacha niwaeleze pole pole, kwa sababu kule Kibera hii stori imeshaharibiwa na watu.

Naitwa Okoth. Nauza mapazia ya mitumba pale Soko la Toi. Sina ulevi, sina deni la mtu, nina ugonjwa mmoja tu: napenda kuonekana.

Ugonjwa huo ulinipanda siku nilipoenda Kawangware kujitambulisha kwa kina Nasambu, mchumba wangu. Baba yake alishafariki, kwa hivyo mwenye usemi alikuwa mjomba wake, Mzee Shivachi, mtu mrefu asiyecheka. Mama mkwe wangu mtarajiwa alikaa kona ya mbali, jinsi adabu inavyotaka.

Kwetu Wajaluo na kwao Waluhya jambo hili halina mjadala. Mwanaume hampi mama mkwe mkono, hamsogelei, na hawakalii kiti kimoja hata dunia ikiishiwa na viti.

Nilijua hayo yote. Shida ilikuwa mdomo.

"Mama," nikasema mbele ya watu wote, "siku ya harusi usisumbuke. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, na gari yangu."

Sikuwa na gari. Nilikuwa na baiskeli, na hata hiyo ilikuwa kwa fundi.

Mama alifurahi sana. Hakuniambia mimi, aliuambia ukuta, lakini kufikia jioni wapangaji wote wa ploti yao walikuwa wamesikia.

Basi nikakusanya akiba yangu yote, nikaenda Riruta Satellite kwa mama mmoja anaitwa Waithira, ana yadi ya magari ya kitambo. Alikuwa na Hilux mbili nyeupe. Moja ya mwaka wa sabini na saba, nyingine ya themanini na sita. Bei sawa.

"Chagua," akasema, akarudi kwa chai yake.

Nilikuwa nimebeba washauri wawili: Nasambu, na Isaac, rafiki yangu ambaye ni fundi pale Kibera. Isaac akaipiga ile ya zamani ngumi kwa bonet.

"Skiza, Okoth. Hii ya sabini na saba ndio gari. Hapa chuma ni chuma. Hiyo ingine ni ya watu wa ofisi."

"Si hiyo ingine ni mpya kidogo?"

"Buda, hapa hakuna kitu mpya. Swali ni gani itakufanya uonekane."

Huyo jamaa ananijua.

Nikapanda ya sabini na saba. Taa za mviringo mbele, gia kwenye usukani, na kiti kimoja kirefu chekundu kutoka mlango hadi mlango. Nilipokikalia nilijisikia waziri.

Nasambu alikuwa amesimama kando ya ile nyingine. "Babe, chukua hii ya viti viwili. Utanishukuru."

"Hiki kiti kinabeba watu watatu, hivyo vyako vinabeba wawili. Hiyo ni hesabu rahisi."

"Sawa. Ni gari yako."

Wanaume wenzangu, mwanamke akikuambia "ni gari yako," rudi nyuma ufikirie tena. Mimi nilitoa pesa.

Siku ya harusi ikafika. Pasta Phanuel alikuwa ametuonya kwamba baada yetu ana harusi nyingine, na tukichelewa tutarudi wiki ijayo. Mzee Shivachi naye alikuwa amesema bila mama kukaa mbele kanisani, msichana wake haolewi. Nasambu alishatangulia na wasimamizi kwa gari ya binamu. Kilichobaki ni mimi kuleta mama.

Nikaingia Kawangware na Hilux imeoshwa mpaka inang'aa, ribboni za pinki kila mahali, sufuria za pilau zimepangwa nyuma. Kando yangu alikuwa Billy, msimamizi wangu. Majirani walikuwa wamepanga foleni nje. Vigelegele vikaanza. Kusema ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Mama akatoka na kitenge kipya na kilemba kikubwa. Akafungua mlango wa gari. Akaangalia ndani.

Akafunga mlango.

Vigelegele vikakatika. Mzee Shivachi akaja, naye akaangalia.

"Kijana, hiki kiti ni kimoja."

"Ni kirefu, mjomba. Watu watatu wanatoshea."

"Sijauliza urefu. Nimesema ni kimoja."

Hapo ndipo akili ilinirudia, na jasho likaja nayo.

"Si Billy akae katikati?" nikasema. "Awe kama mpaka."

"Hata ukiweka kwaya nzima hapo katikati, kiti ni kimoja. Unataka kukaa na mama mkwe wako kama mko sebuleni?"

Mama Beth, jirani, akasema tulete msumeno tukikate. Mwingine akasema mama akae nyuma. Shivachi akauliza kama dada yake ni gunia la viazi. Nikasema nitaita teksi.

Mama akageukia ukuta. "Nimeambia watu wote hapa nitabebwa na gari ya mkwe wangu. Nikipanda teksi leo, kesho nahama."

"Basi Billy ataendesha," nikasema. "Mimi nitakaa nyuma."

Billy akashika usukani. "Gia iko wapi?"

"Hiyo hapo kwa usukani."

"Wacha jokes. Si hiyo ni ya wipers?"

Billy, kumbe, amezoea gari za automatic, za kujiendea zenyewe. Aliivuta hiyo gia kwa imani tu, gari ikarudi nyuma, ikapanda juu ya meza ya sukuma wiki. Mwenye meza alitutukana vizuri. Jirani mwingine, Jeremy, akajitolea kuendesha, lakini alikuwa ameanza kusherehekea harusi asubuhi na hata kusimama kulikuwa kumemshinda.

Simu ikalia. Ni Nasambu, analia. "Pasta anaangalia saa. Okoth, mko wapi?"

Nilikuwa karibu kulia pia, mbele ya ploti nzima, kwa sababu ya kiti.

Ndipo mama akavua kilemba, akampa Mama Beth amshikie.

"Nani ako na kifunguo?"

Mzee Shivachi akauliza cha nini.

"Kabla nizae huyo msichana, nilikuwa navuta miwa na trekta kule Bungoma. Leteni kifunguo. Shivachi, ingia. Hao wawili wapande nyuma na chakula."

Tukapanda. Akaingiza gia bila hata kuiangalia.

Jamani, yule mama anaendesha. Riruta tuliipita sijaona hata duka moja. Kwenye matuta nilikuwa naruka mimi, sufuria na Billy. Kufika Ngong Road, karibu na Toi, tukashikwa na jam, na wenzangu wa sokoni wakaniona.

"Okoth, umeshikwa na polisi?"

"Naenda kuoa."

"Hiyo suti ni how much?"

Tulifika pasta akiwa ameshafunga Biblia. Aliifungua tena. Nilioa nikiwa na wali kwenye nywele, na Nasambu alicheka wakati wote wa viapo.

Wakati wa zawadi, Mzee Shivachi akasimama.

"Dada yangu anasema zile ng'ombe za mahari zilizobaki hazitaki. Anaishi kwa ploti, atazifunga wapi? Anataka hiyo Hilux. Gari imemtambua."

Watu wakapiga makofi. Niliomba maikrofoni nikasema natoa kwa moyo mkunjufu. Moyo wenyewe ulikuwa umekunjika kama shati la mtumba.

Siku hizi mama ana biashara ya kubeba mizigo Kawangware nzima, na Billy ndiye turnboy wake, wa kupakia na kupakua. Marobota yangu ya mapazia yakifika, Nasambu anampigia mama, naye anakuja. Billy anakaa mbele. Mimi napanda nyuma, juu ya mzigo.

Juzi tukiwa kwa jam dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia mama akimwambia Billy, "Mwaka mzuri ni huu wa sabini na saba. Huyo mkwe wangu anajua kuchagua."

Nikafurahi huko juu kama mjinga.

Kwa hivyo nyinyi mnaoniuliza inbox pickup ya kitambo ni ya mwaka gani, jibu langu ni hili: mambo ya chuma na taa muachie fundi. Kwanza jua mama mkwe wako atakaa wapi, na bibi yako akikuambia chukua ya viti viwili, chukua ya viti viwili.