Gundi ya Mabondo Puani mwa Ndege ya Mkwe

Chekeni tu, hata mke wangu hajaacha, na mimi nikipita ule uwanja wa kando ya ziwa mpaka leo nashusha kofia usoni kama mwizi wa kuku.

Miaka ile ya soko huria kila kitu kiliingia Mwanza, mitumba, redio, na mkwe wangu Kamugisha, Mhaya, injinia, akaja na ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti. Mwanzo nilimkataa (nilisema mtu mzima anayechezea vidude atalisha nini watoto), akamwoa binti yangu hivyo hivyo, na akaja kuwa mkwe mwema kuliko wote. Basi nikawa natafuta namna ya kumtaka radhi bila kufungua mdomo.

Ndege yenyewe ni mbao nyepesi, imevikwa plastiki nyembamba iliyobandikwa kwa pasi, injini iko puani. Ile injini inatema mafuta (yana nyonyo ndani, yale tuliyonyweshwa utotoni tukakesha chooni), yanapenya kwenye maungio mpaka chini ya plastiki, inabambuka kama ganda la kidonda. Siku moja Kamugisha akaniachia ndege hiyo nyumbani kwangu Mabatini, amenuna. "Baba, vanishi ya kuziba pua nimeagiza Nairobi, haijafika, na Jumapili wazazi wangu wanatoka Bukoba kuiona. Mbao zikilowa mafuta, ndiyo basi tena."

Mimi nilikuwa nanunua mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, na nilishajua ukivichemsha sana mfuniko wa sufuria haubanduki. Nikasema, Mungu huyu hapa! Nikachemsha gundi, nikapaka kwa unyoya wa kuku, pua yote ndani na nje, maungio yote, ikakauka ikang'aa kama benchi la kanisani. Harufu? Pua yangu ilishakufa zamani kwa kazi ile.

Jumapili, pale uwanjani kando ya ziwa, wazazi wake wakitazama, Kamugisha akaishika. "Baba, nani ameziba?" "Mimi." Akanusa kidogo, akaninusa na mimi (mkwe mwenye adabu hamwulizi baba mkwe jambo kama lile), akairusha.

Ikapanda vizuri, wakwe wanapiga vigelegele, mara mwewe mmoja, akaja mwenzake, kisha wale wote waliozoea kuiba dagaa pale mwaloni penye soko la samaki, wakaivamia, wanaiparua mabawa. Kamugisha akaishusha mbio, nikakimbia kuifunika kwa koti langu (lile lile nililovaa nikichemsha gundi, jamani!), mwewe wakaiacha ndege wakanigeukia mimi. Nimekimbia uwanja mzima, suti na viatu, mpaka ziwani, nikazama hadi shingo.

Mama yake Kamugisha akaniita kutoka nchi kavu, "Mkwe, kwenu Usukumani wageni wanapokelewa hivi?"

Nilipotoka nikichuruzika maji, Kamugisha alikuwa amepiga magoti, anafuta pua ya ndege kwa kitambaa. Mabawa yamechanika hovyo. Nikajua nimeimaliza, na ukwe wetu nimeumaliza nao. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Nisamehe, mwanangu."

Hakuuliza ni radhi ya lipi. Akaniinulia ile pua. "Baba, mafuta hayajapenya hata tone. Mabawa nitayavika upya. Ila twende kwanza ukaoge."

Tangu siku ile sipaki kitu cha mtu kabla mke wangu hajakinusa.